Kupima madini ya risasi kwa DNA hapa Lubumbashi: yale niliyoyapitia

Wadogo zangu wa kitivo hunifuata mmoja mmoja na swali lilelile: "Yaya, ile kazi yako ya DNA na dhahabu, na sisi tunaweza kuifanya hapa?" Nimechoka kujibu kwa mdomo, tena kila nikijibu kuna jambo ninalolisahau. Basi nimeandika. Jibu ni ndiyo, inawezekana. Ila ukinakili makala za wataalamu wa Marekani mstari kwa mstari, utapoteza pesa. Zile kazi zilifanyika katika vyumba vyenye kiyoyozi, maji safi kupita kiasi na umeme usiokatika. Sisi tuna Oktoba, tuna visima, na umeme tunaujua wenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Shuleni tulifundishwa DNA kuwa ghala la urithi, tukaishia hapo. Kumbe uzi mmoja wa DNA, usiofungwa na mwenzake, hujikunja ukapata umbo, na umbo lile linaweza kutenda: kushika kitu kimoja na kuacha kingine, hata kukata. Nyuzi zinazoshika huitwa aptama. Zinazokata ni vimeng'enya vya DNA. Mwaka 1994 Ronald Breaker na Gerald Joyce walipata kimeng'enya cha kwanza cha aina hiyo, na kilichokiamsha ni madini ya risasi, ile metali nzito yenye sumu. Hawakukichora kwenye karatasi. Walianza na rundo kubwa mno la nyuzi zilizopangwa kwa kubahatisha, wakabakiza zilizoweza kukata, wakazizalisha, wakazichuja upya, wakarudia mpaka zikabaki hodari tu. Mwaka 1996 makundi mawili, la Chad Mirkin na la Paul Alivisatos, yakaonyesha kwamba DNA inaweza kupanga chembe nano, yaani chembe ndogo mno, za dhahabu. Mwaka 2003 Juewen Liu na Yi Lu, kule Illinois, wakayaoanisha hayo mawili.

Kipimo chao kinafanya hivi. Chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 13 hivi, zikielea kila moja peke yake, maji yanakuwa mekundu kama divai. Zikivutwa zikakaribiana, yanageuka bluu au zambarau. Wao waliziunganisha kwa uzi mrefu wa DNA ambao katikati yake kuna herufi moja (kiungo kimoja cha uzi) ya RNA, ndugu wa DNA anayekatika kwa urahisi zaidi, na hapo ndipo kimeng'enya hukata. Pasipo risasi uzi unabaki mzima, chembe zinashikana, unaona bluu. Risasi ikiwepo uzi unakatwa, chembe hazishikani, unaona nyekundu. Unasoma kwa macho yako.

Sihitaji kueleza sana kwa nini mtu wa Lubumbashi avutwe na kitu hicho. Shaba ilianza kuyeyushwa mjini kwetu mwaka 1911, na mlima wa takataka za tanuru unaonekana kutoka karibu kila kata. Mwaka 2009 watafiti wa chuo chetu pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga, na kobalti waliyoikuta ilikuwa ya kutisha. Risasi, kadmiamu na urani navyo vilikuwa juu kwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Ukiuliza kwa nini nilichagua risasi badala ya kobalti, ni kwa sababu kimeng'enya cha risasi ndicho kilichofanyiwa kazi nyingi zaidi. Urani nayo ina chake, kikali ajabu, kilichochapishwa 2007. Watu wakisikia hivyo huniambia twende Shinkolobwe, kwenye ule mgodi wa zamani wa urani. Nenda wewe.

Sasa pesa. Unahitaji nyuzi chache tu: kimeng'enya, uzi unaokatwa, na nyuzi zenye thioli, yaani ncha ya salfa inayong'ang'ania dhahabu. Uzi wa kawaida wa DNA ni rahisi kuliko unavyodhani. Kinachopandisha bei ni ile herufi moja ya RNA, kisha thioli, kisha usafishaji. Usijaribu kubana hapo kwenye usafishaji, maana uzi mchafu wa bei nafuu unatoa majibu ya ovyo na utaununua mara ya pili. Kloridi ya dhahabu, gramu moja, ilinila karibu sawa na kodi ya nyumba ya miezi miwili, lakini gramu hiyo inatosha kazi nyingi. Sehemu ya pesa ilitoka kwa mjomba wangu, ambaye mpaka leo anaamini nilinunua dhahabu ya kuuza.

Nililipia bure barafu kavu ya kusafirishia nyuzi. DNA iliyokaushwa haiogopi safari. Inakaa wiki nyingi bila friji mradi isipate unyevu. Barafu iliisha yote ikawa hewa wakati mzigo unasubiri karatasi, nami nikalia usiku mzima nikidhani kila kitu kimeoza. Hakuna kilichooza. Mwombe muuzaji alete nyuzi zikiwa kavu, na aandike kwenye ankara, kwa Kifaransa, kwamba ni DNA ya kutengenezwa, haiambukizi, ni ya utafiti. Neno DNA peke yake linawatia watu wa forodha hofu ya magonjwa. Tafuta wakala wa forodha kabla mzigo haujatoka kwao, maana kila siku unapolala ghalani unakatwa ada.

Mzigo ulipofika, mimi na wenzangu wa maabara tulianza kuyeyusha nyuzi, na hapa nilipoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Kila kitabu cha biolojia kitakuambia uyeyushe DNA katika bafa (maji ya dawa yanayotuliza uchachu) iitwayo TE. Ndani ya TE kuna EDTA, na kazi ya EDTA ni kukamata metali. Kwa hiyo kila tone la risasi tulilotia lilikamatwa kabla halijakifikia kimeng'enya. Bluu, bluu, bluu. Tulilaumu nyuzi, tukamlaumu muuzaji, Profesa aliyetusimamia akaanza kulaumu wazo lenyewe. Aliyetuokoa ni mzee wa maabara, fundi ambaye hajawahi kugusa DNA maishani lakini amepima madini ya shaba miaka mingi. Alisoma kibandiko cha chupa akasema, "Wanangu, si ninyi mumetia dawa ya kufunga metali?" Yeyusha katika maji safi, gawanya katika vichupa vidogo, gandisha. Na bafa ya fosfati usiiguse kabisa: risasi na fosfati hushikana zikatuama chini ya chupa. Tumia bafa ya Tris au ya HEPES.

Maji safi nayo ni habari nyingine. Mashine yetu ya kukenekea ilipoharibika, mmoja wetu alileta maji ya betri yanayouzwa gereji. Tukapima maji yale matupu, bila kuongeza chochote, yakatoka mekundu. Sijui kilichokuwamo, wala sikujali tena. Tulienda kuomba maji kwenye maabara ya mgodi mmoja. Jambo hilo liliniingia: kila kundi la vipimo lianze na maji matupu. Na vaa glavu kila wakati, kwa sababu ile herufi ya RNA huliwa na vimeng'enya vilivyo kwenye jasho la vidole vyako.

Kutengeneza dhahabu ndiyo sehemu niliyoipenda. Unachemsha kloridi ya dhahabu, rangi yake njano hafifu, unamimina sitrati kwa mkupuo mmoja huku ukikoroga kwa nguvu. Njano inapotea, maji yanakuwa kama hayana rangi, yanatia giza, halafu ghafla nyekundu. Vyombo vyote viwe vimeoshwa kwa mchanganyiko wa asidi hidrokloriki sehemu tatu na asidi nitriki sehemu moja, katika hewa ya kutosha, na baada ya hapo suuza mpaka uchoke. Doa dogo tu kwenye glasi linaharibu chupa nzima. Usitegemee jiko la umeme. Umeme ukikatika katikati ya kuchemka, chembe zinatoka za ukubwa tofauti tofauti na huwezi kuzirekebisha. Mwenzetu alipendekeza mbabula, jiko la mkaa. Majivu yaliruka, mkaa ukapungua moto, tukapata kitu cha rangi ya chai. Jiko dogo la gesi lilimaliza shida. Ukiwa na spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaonyonywa na maji, tafuta kilele karibu na nanomita 520. Kama huna, weka chupa mbele ya karatasi nyeupe. Nyekundu safi bila kivuli cha zambarau inatosha kuendelea.

Kubandika DNA kwenye dhahabu, njia ya zamani ni kuongeza chumvi kidogo kidogo kwa siku moja au mbili. Ukiharakisha, dhahabu inaganda nyeusi na pesa ya mjomba inakwenda na maji. Mwaka 2017 Juewen Liu, ambaye wakati huo alikuwa Waterloo nchini Kanada, na mwenzake Biwu Liu walionyesha njia ambayo naona kama ilitengenezwa kwa ajili yetu: changanya dhahabu na nyuzi zenye thioli, weka kwenye friza, subiri igande kabisa, toa iyeyuke. Basi. Barafu inapojitengeneza inazisukuma chumvi, DNA na dhahabu kwenye vijinafasi vidogo, zinabanana, zinashikana. Usikubali kishawishi cha kugandisha dhahabu isiyo na DNA, hiyo itakufa papo hapo. Tulinunua friza kuukuu kutoka kwa mama mmoja wa soko la Kenya, kata ya hapa mjini, aliyekuwa akiweka samaki wa thomson humo. Ilikuwa haiwezi tena kuhifadhi samaki usiku kucha, lakini saa mbili tatu za umeme zilitutosha. Harufu ya samaki haikuwahi kutoka. Haikudhuru kazi.

Nije kwenye Oktoba.

Mwezi wa saba na wa nane, wakati wa baridi, kipimo kilikwenda vizuri mno. Tulitumia mpangilio wa mwaka 2004, ambao hauhitaji kuchemsha kwanza na kusubiri kupoa kama ule wa 2003. Unafanyika katika joto la chumba. Maji matupu bluu, maji yenye risasi nyekundu, Profesa akaleta wageni waone. Oktoba ikaingia, jua lile la kungojea mvua, na sampuli zikaanza kutoka nyekundu moja baada ya nyingine. Maji ya bomba, nyekundu. Maji ya kisima cha kata ya Katuba, nyekundu. Maji ya mto Kafubu, nyekundu iliyokolea.

Mnaweza kufikiri tulivyofurahi. Ni furaha mbaya, ya mtafiti anayegundua sumu. Kisima cha Katuba kilikuwa cha familia ya mmoja wetu, na habari zilifika nyumbani kabla ya jioni. Mama mwenye kisima alikuja chuoni na dumu lake la njano. "Mwanangu, maji yangu iko na nini? Sasa tutakunywa nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia asubiri. Aliniangalia kama mtu anayefichwa msiba.

Usiku ule nilifanya kile ambacho ningepaswa kufanya tangu mwanzo. Kuna kimeng'enya bubu, mfano uleule isipokuwa herufi moja imebadilishwa, na badiliko hilo linakifanya kisikate hata ukikimwagia risasi. Tulikuwa tumekinunua, kiko kwenye friza, tukakiona ni anasa ya kutumia siku ya kutetea kazi. Nilipima maji ya Katuba kwa kimeng'enya bubu. Nyekundu. Kitu kisichoweza kukata kilikuwa kimetoa jibu la "kimekatwa".

Maana yake hakuna kilichokatwa. Nyuzi mbili za DNA hushikana mpaka kiwango fulani cha joto, kisha zinaachana, na zikiwa zimebeba dhahabu huachana ghafla, ndani ya nyuzi joto chache tu. Mikono ya nyuzi katika mpangilio ule ilipimwa kwa chumba cha wenzetu. Chumba chetu mchana kilipita nyuzi joto 30, na maji ya sampuli yalikuwa yakiipunguza chumvi ya bafa, jambo ambalo linashusha kiwango cha kuachana zaidi. Nyuzi hazikushikana, dhahabu ikabaki kila moja peke yake, nyekundu. Tulikuwa tunapima jua la Oktoba.

Nilikwenda Katuba mwenyewe kumweleza yule mama. Hakukasirika, ila aliniuliza swali moja ambalo lilinikera kwa ukweli wake: "Kama mashine yenu inaogopa joto, mutaipeleka wapi huku kwetu?"

Tangu hapo kila sampuli inapimwa mara mbili, kimeng'enya hai na kimeng'enya bubu, chupa pembeni ya chupa. Jibu linahesabika tu kama bubu amebaki bluu. Tunafanya kazi asubuhi mapema, vichupa vikiwa ndani ya beseni la maji yenye vipande vya barafu na kipimajoto ndani yake, na chumvi ya mwisho tunaipanga iwe ileile kwa kila sampuli. Mwanafunzi akija kwangu na matokeo bila safu ya kimeng'enya bubu, simsomei.

Maji ya visima vyetu yana tabia nyingine, kinyume na hiyo: mengine yamejaa kalsiamu na magnesiamu. Metali hizo mbili zinapenda kukusanya chembe za dhahabu, kwa hiyo zinaweza kukupa bluu hata risasi ikiwepo. Dawa yake ni kuongeza kiasi kidogo cha risasi unachokijua ndani ya maji yaleyale ya kisima na kuona kama rangi inajibu. Isipojibu, kipimo chako hakioni kitu katika maji hayo, na bluu yako haina maana. Punguza maji kwa bafa, pima tena.

Chota kwa chupa za plastiki, risasi hupenda kujibandika kwenye glasi. Chota mbili mahali pamoja: moja utie asidi nitriki kwa ajili ya maabara kubwa, nyingine usitie, kwa sababu DNA yako inataka maji yasiyo na uchachu. Mimi nilitia zote asidi mara ya kwanza, nikahangaika kuizimua.

Na maabara kubwa bado inahitajika, msidanganyike. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za risasi kwa lita, yaani karibu nanomola 48. Kipimo cha rangi cha 2003 kilianza kuona kwenye nanomola 100, kama mikrogramu 20. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa na risasi kupita kiwango, na chupa yako ikabaki bluu ya kupendeza. Kipimo hiki kinafaa kwa maji machafu ya kiwanda, udongo uliolowekwa, rangi ya ukuta inayobanduka. Kwa kisima cha mtu, kinakuambia tu ni kipi cha kupeleka kwanza kwenye mashine ya gharama. Tulituma nje sampuli chache, pesa ikatoka kwenye mifuko yetu, na kisima cha Katuba kilirudi chini ya kiwango. Nilimpigia yule mama simu kabla sijamwambia Profesa.

Kihisia, mwaka ule ulinichosha kuliko nilivyokubali. Kuna wiki nilikaa na chupa za bluu nikajiona mjinga, nikirudi nyumbani sina hamu hata ya bukari, ugali wetu. Kilichonisaidia ni daftari. Niliandika joto la chumba, saa, umeme upo au haupo, nani ameosha vyombo. Bila safu ile ya joto la chumba, Oktoba ingenidanganya mpaka siku ya kutetea kazi, na jopo lingenipigia makofi.

Siku hizi nimeacha macho, nasoma kwa mashine ya kupimia sukari ya wagonjwa. Wazo ni la Yu Xiang na Yi Lu, 2011: DNA tendaji inashikilia kimeng'enya kiitwacho invatesi, na shabaha ikifika inakiachia. Invatesi inaivunja sukari ya kawaida kuwa glukosi, na mashine inayouzwa kwenye famasia yoyote ya mjini inatoa namba. Inapendeza kwa sababu namba haibishaniwi kama rangi. Wawili wakitazama zambarau, mmoja atasema bluu na mwingine nyekundu. Invatesi nayo inaathiriwa na joto, lakini taratibu, na nina muda wa kulisahihisha kwa kipimo cha kulinganisha. Shida ninayopambana nayo ni mbili. Glukosi ikiwa kidogo sana mashine inaandika tu kwamba iko chini, haitoi namba, kwa hiyo inabidi kusubiri muda mrefu zaidi kabla ya kupima. Na sukari ya kahawia ya dukani ina glukosi yake tayari, hivyo maji matupu yalinipa namba. Tumia sukari safi ya maabara. Vibanzi vya mashine vikikaa kwenye joto vinaharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa, nunua kopo dogo na ulifunge mara moja.

Anayetaka kuanza na njia hiyo aje, nyuzi ninazo za kugawana na kimeng'enya bubu kipo. Vibanzi alete vyake.